Kinga ya Mwili Inaposhuka: Tahadhari, Rukhsa na Haki za Mgonjwa



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.t.), aliyeumba mwili wa mwanadamu na kuuwekea walinzi tusiowaona kwa macho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Swahaba zake.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike katika imani, makala haya yametokana na darsa fupi niliyotoa baada ya swala ya Ishaa muhula uliopita, na baadhi yenu mkaomba yaandikwe. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mwaka jana nilitibiwa hapa Kampala saratani ya tezi, ile ambayo madaktari huiita limfoma. Nilitundikiwa dawa mara 6, kila baada ya wiki 3. Katika miezi ile niliulizwa maswali ya dini mengi kuliko ya ugonjwa. Mbona huonekani jamaa? Mbona hupeani mikono? Mbona umekula Ramadhani? Tawakkul yako imekwenda wapi?

Walioniuliza hawakuwa na nia mbaya. Lakini leo au kesho mwingine katika sisi ataugua, na sipendi maneno yetu yamwumize kuliko sindano. Kwa hiyo ninajibu hapa kwa kadiri nilivyojifunza kutoka kwa madaktari na masheikh.

Ugonjwa wenyewe si mgeni katika mji huu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Kiafrika, na mpaka leo limfoma ile inaitwa kwa jina lake dunia nzima. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa pale Mulago mwaka 1967. Elimu ya tiba imekaa karibu nasi kwa muda mrefu. Tulichobaki nacho nyuma ni elimu ya namna ya kuishi na mgonjwa.

WALINZI WANAPOPUNGUA

Dawa za saratani huwinda chembe zinazogawanyika haraka, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya saratani. Tatizo ni kwamba nywele, ngozi laini ya mdomo na matumbo, na uboho ulio ndani ya mifupa navyo hugawanyika haraka. Ndiyo maana nywele hunyonyoka na mdomo huota vidonda. Ndiyo maana pia damu hupungua, kwa sababu uboho ndio kiwanda chake. Hapo hutengenezwa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe sahani zinazozuia damu kuvuja, na chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu.

Katika chembe nyeupe kuna kundi liitwalo nyutrofili. Hili ndilo jeshi linalofika mwanzo palipovamiwa. Askari wake hawaishi muda mrefu, kwa hiyo kiwanda hakina budi kutoa wapya kila siku. Watu wengi wenye afya wanazo zaidi ya 1,500 katika maikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 500, mgonjwa yuko katika hatari kubwa. Kwa dawa nyingi, kiwango cha chini kabisa hufika kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha hupanda tena taratibu. Baadhi ya wagonjwa hupewa sindano za kuhimiza uboho ufanye kazi haraka.

Kuna mambo mawili hapa ambayo wengi hawayajui. La kwanza, vijidudu vingi vinavyomdhuru mgonjwa huyu havitoki mbali. Ni vile anavyoishi navyo siku zote mdomoni, tumboni na juu ya ngozi yake, ambavyo jeshi lilikuwa likivizuia. La pili, usaha na uvimbe tunaouona penye kidonda ni kazi ya chembe nyeupe. Zikikosekana, maambukizi yanaweza kuenea ndani bila kidonda kuvimba wala kutoa usaha. Mara nyingi dalili inayobaki ni moja tu, nayo ni homa.

HOMA ISIYOSUBIRI ASUBUHI

Nambari ya kuhifadhi ni 38. Mtu aliye katika dawa za saratani, kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, aende hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane au katikati ya khutba. Madaktari wanataka antibayotiki ya kwenye mshipa ianze ndani ya saa 1 tangu afike. Asimeze Panadol kwanza bila kuwauliza, kwa sababu itashusha joto na kuficha alama pekee aliyonayo, huku maambukizi yakiendelea. Kutetemeka kwa baridi, kupumua kwa shida au kuchanganyikiwa navyo ni sababu ya kwenda mara moja, hata kama joto halijafika 38.

Kwetu sisi kila homa jina lake ni malaria. Malaria ipo, na mgonjwa huyu atapimwa pia. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hakijathibitisha kuwa hakuna bakteria katika damu. Vinaweza kuwapo vyote viwili.

Siku ya 9 baada ya dripu ya pili, saa nane usiku, kipimajoto changu kilisoma 38.4. Ndugu ninayeishi naye chumba kimoja, Mrundi, akaniambia, "Kaka, meza Panadol, tusome ruqya, alfajiri twende. Saa hizi boda watatutoza mara tatu." Nikamwambia, "Ndugu yangu, ruqya tutasoma njiani." Akacheka, akavaa koti, na Allah amlipe kheri, alisoma kweli mpaka tukafika. Damu ilipopimwa, nyutrofili zilikuwa 200. Nililazwa siku 6.

Kitanda cha pili yangu alilala kijana wa umri wetu. Homa yake ilikuwa imekaa nyumbani siku 3 ikitibiwa kama malaria kabla hajaletwa. Alifariki siku ya pili, karibu na alfajiri. Mama yake alikaa kwenye benchi akaniuliza, "Mwanangu, tungewahi kumleta, angepona?"

Nilimwambia, "Mama, ajali yake ilikuwa imefika. Wewe umemhudumia, na Allah ameona." Nilisema kweli, na hilo ndilo neno la kumwambia mama aliyefiwa. Lakini ninyi nawaambia neno jingine, kwa sababu bado mna nafasi. Wanazuoni wametufundisha kuwa qadari hushikwa kama faraja kwa msiba uliokwisha kupita, na haishikwi kama udhuru wa kuacha wajibu ambao bado uko mbele yetu. Aliyefiwa mwambie imeandikwa. Mwenye homa mwite boda.

TAWAKKUL YA UMAR (R.A.)

Walioniuliza juu ya tawakkul nawakumbusha safari ya Umar bin Al-Khattab (r.a.) kwenda Sham, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim. Alipofika Sargh, akapata habari kwamba tauni imezuka huko. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa wanatoka katika qadari moja ya Mwenyezi Mungu kwenda katika qadari nyingine ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na moja ni kavu. Akichunga upande wenye majani, ni kwa qadari. Akichunga upande mkavu, ni kwa qadari vile vile. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiendee, na ikiwa katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah na akarudi.

Angalieni, Umar hakumshtumu Abu Ubayda kwa imani yake, na Abu Ubayda hakumshtumu Umar kwa woga. Sisi ni nani hata tupime imani ya mgonjwa kwa barakoa aliyovaa?

Na kuhusu kupeana mikono, Muslim amepokea kwamba katika ujumbe wa Thaqif alikuwamo mtu mwenye ukoma, na Mtume (s.a.w.) akamtumia ujumbe arudi, bai'a yake imekwisha kukubaliwa. Bai'a ya Uislamu ilitimia bila kiganja kugusana na kiganja. Basi na salamu yako kwangu imetimia ukiwa umesimama mlangoni na mkono umeuweka kifuani.

RUKHSA NI IBADA

Ndugu zangu, wengi wetu tunaiona rukhsa kama ibada ya daraja la pili, ya watu dhaifu. Tumesahau kuwa aliyeifaradhisha swala ndiye aliyeleta rukhsa. Imepokelewa kwa Ibn Umar (r.a.) kuwa Mwenyezi Mungu anapenda rukhsa Zake zichukuliwe.

Katika swala: Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi, akaelekezwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Mgonjwa anasamehewa jamaa na Ijumaa. Ataswali Adhuhuri mahali pake. Na Mtume mwenyewe (s.a.w.), katika maradhi yake ya mwisho, alitaka kutoka kwenda kuswalisha, akamwagiwa maji, akazimia, akajaribu tena zaidi ya mara moja. Mwishowe akaamrisha Abu Bakr (r.a.) aswalishe watu. Hakuna atakayesema moyo wake haukuwa msikitini.

Katika udhu: kwa kawaida maji ni rafiki wa mgonjwa huyu, kwani kunawa mikono ndiyo kinga yake ya kwanza. Atawadhe kwa maji safi, ya uvuguvugu akipenda. Palipofungwa bandeji ya kanula pasiloweshwe. Sharia imeweka hukumu ya kupaka juu ya bandeji, pamoja na maelezo yake ya fiqhi. Mdomo ukiwa na vidonda, akumbuke kuwa kusukutua katika udhu ni sunna kwa madhehebu yetu ya Shafi. Haimlazimu kujitonesha. Akihitaji tayamamu, amwambie daktari na sheikh wake kwa pamoja, kwa sababu udongo hubeba vijidudu vya ukungu ambavyo kwa mwenye nyutrofili chache ni hatari. Wapo maimamu, kama Abu Hanifa na Malik, waliojuzisha tayamamu kwa jiwe lisilo na vumbi.

Katika saumu: aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na aya hiyo ya pili inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Anayetarajiwa kupona atalipa. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka, atatoa fidia ya kulisha masikini kwa kila siku. Aliye katikati ya dawa hizi anahitaji maji na chakula ili figo na damu yake vistahimili. Anapokula mchana wa Ramadhani kwa amri ya daktari mwaminifu, hana haja ya kujificha kama mwizi.

Na tuogope sana kutoa fatwa bila elimu. Abu Dawud amepokea habari za mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika mno, akawahesabu kuwa ndio waliomwua, na akasema kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale walikuwa watu wema walioipenda dini. Kilichokosekana ni swali moja.

HAKI ZA MGONJWA JUU YETU

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na thawabu zake mnazijua. Lakini haki hutolewa kwa namna inayomfaa mwenyewe. Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wale wazima, na amemtaka aliyekula vitunguu vibichi akae mbali na msikiti wetu kwa ajili ya harufu tu. Ikiwa harufu ina hukumu, je, kikohozi?

Kwa hiyo, nduguyo akiwa katika siku zake za chini:

Ukiwa na mafua, kikohozi, tumbo la kuharisha, tetekuwanga au homa, usiende. Piga simu, tuma ujumbe, mwombee. Umezuru, na nia yako imeandikwa inshaallah.

Ukiwa mzima, nendeni wawili, msiende kumi na wawili. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuingia. Kaa muda mfupi. Usikae kitandani kwake.

Ukimpelekea chakula, kiwe kimeiva sawasawa na bado cha moto. Rolex ya barabarani yenye yai bichi bichi, kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi na maziwa yasiyochemshwa mwachie mwenye afya. Matunda ayamenye mwenyewe baada ya kuyaosha. Maji yawe yamechemshwa.

Anayeishi naye chumbani asafishe choo na sakafu yeye, mgonjwa asipangiwe zamu hiyo. Na aihifadhi ile nambari, 38.

Usimletee mitishamba ya kumeza bila daktari wake kujua. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na sehemu ya tiba ni dawa moja isipigane na nyingine.

Usimwambie kuwa ugonjwa wake ni adhabu. Nabii Ayyub (a.s.) aliguswa na dhara naye ni Nabii, na Suratul Anbiya inatupa dua yake kama mfano wa adabu: alimweleza Mola wake shida yake, akamtaja kwa rehema Yake, wala hakulalamika.

Mwisho, toa damu. Chembe nyekundu na chembe sahani zikishuka hazinunuliwi duka la dawa. Hutoka katika mkono wa mtu mwingine. Benki ya damu ipo Nakasero, na magari yake huja kampasi. Baadhi ya uniti nilizotundikiwa zilitoka kwa watu nisiowajua dini wala kabila, na kila nikiwakumbuka ninawaombea.

KWA WEWE UNAYEUGUA

Nimalize na ndugu au dada anayesoma haya akiwa na kanula mkononi. Ninajua kuwa jambo gumu zaidi si kichefuchefu. Ni kusikia adhana ya Ijumaa kupitia dirishani na viatu vya wenzako vikipita. Unajiona umekatwa na umma wako.

Hukukatwa. Bukhari amepokea kwa Abu Musa (r.a.) kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na mkaazi. Ile safu uliyozoea kusimama bado ina jina lako. Na homa usiitukane, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza hivyo Ummu Saib (r.a.) na kumwambia kuwa homa huondoa madhambi. Usiitukane, lakini usiifuge. Ipime, iripoti, itibu.

Piga mswaki wenye nywele laini. Nawa kila mara. Vaa barakoa bila haya. Ukiambiwa na daktari kuwa dripu inaahirishwa kwa sababu damu haijapanda, usivunjike moyo. Mwili unapewa muda. Jaza muda huo kwa adhkari, kwani ulimi hauhitaji nyutrofili. Na mtu akikuuliza tawakkul yako iko wapi, mwambie kwa upole kuwa umefunga ngamia, na sasa umekaa unamtegemea Allah.

Ninapendekeza kwa uongozi wa jumuiya yetu mambo matatu kabla muhula haujaisha: vipimajoto viwili viwekwe kwa walezi wa hosteli za kaka na za dada, sanduku dogo la nauli ya dharura ya usiku, ili asiwepo mwanafunzi atakayesubiri alfajiri kwa kukosa pesa ya boda, na siku moja ya kutoa damu kila muhula, hasa kabla ya likizo, kwa sababu shule na vyuo vikifungwa wachangiaji hupungua. Hayo si makubwa. Yanaweza kuanza Ijumaa hii, na mimi nimeshatoa jina langu kuhesabu sanduku.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote. Warehemu waliotutangulia, na umpe subira kila mama aliyemzika mwanawe. Tufanye kuwa sababu ya wepesi kwa waja Wako, wala usitufanye kuwa sababu ya dhiki yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.